Li Shizhen, Tabibu Aliyepambanua Majani

Mwaka 1518, katika mji wa Qizhou, karibu na mto mkubwa wa Yangtze katika nchi ya China, alizaliwa mtoto mwanamume akaitwa Li Shizhen. Baba yake alikuwa tabibu, na babu yake alikuwa mganga wa kutembea kijiji hata kijiji akiwatibu watu. Lakini siku zile kazi ya dawa haikuwa na heshima kubwa. Wenye heshima walikuwa wale walioshinda mitihani ya serikali na kupewa kazi ya kutawala. Kwa hiyo baba alitaka mwanawe asome sana, awe mkubwa wa serikali.

Li alikuwa kijana mwenye akili. Alipata umri wa miaka kama 14 tu alipoushinda mtihani wa kwanza. Kisha akaujaribu mtihani wa jimbo, akashindwa. Akaujaribu tena, akashindwa. Mara ya tatu akashindwa vile vile. Zaidi ya hayo, alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi alishikwa na homa na kikohozi kikali, akawa karibu na kufa, na dawa ya baba yake ndiyo iliyomwokoa. Basi akamsihi baba yake amfundishe utabibu, naye baba akakubali.

Mji wa Qizhou ulikuwa na sifa kwa ajili ya mmea mmoja ambao ni wa jamaa ya pakanga. Wachina huuita ai. Majani yake ni mapana, yenye kuchanika pembeni. Upande wa juu ni ya kijani, na upande wa chini ni meupe kwa sababu ya manyoya laini. Watu huyakausha na kuyatwanga mpaka yawe kama pamba, kisha huyachoma karibu na ngozi ya mgonjwa ili joto lake limtulizie maumivu. Katika sikukuu ya mwezi wa tano huyatundika milangoni. Baba yake Li aliandika kitabu juu ya mmea huo peke yake, na mwana alijifunza kwake kwamba hata jani la njiani lastahili kutazamwa vizuri.

Lakini jamaa ya pakanga ni kubwa, na ndugu hao hufanana sana. Mingi ni michungu na ina harufu kali. Maua yake ni madogo, wala hayavutii macho. Mtu asiyeangalia huchuma huu akidhani ni ule. Li aliposoma vitabu vya dawa vya zamani, aliona kwamba hata wenye elimu walikosea. Mmea mmoja ulipewa majina mawili, na mimea miwili iliandikwa kwa jina moja. Mwandishi akikosea, mwenye duka huuza kwa kosa, tabibu hutoa kwa kosa, na mwisho mgonjwa ndiye anywaye. Kosa la kalamu laweza kuwa mauti ya mtu.

Basi mwaka 1552 Li akaanza kazi kubwa ya kutengeneza kitabu kipya cha dawa zote. Alisoma vitabu vipatavyo 800. Kwa muda alitumika katika nyumba ya mwana wa mfalme, na baadaye katika nyumba ya matabibu wa Kaisari huko Beijing. Hata hivyo hakuridhika na kusoma tu. Alisafiri milimani na mabondeni, akawauliza wakulima, wavuvi, wawindaji na wakata kuni, maana hao huijua mimea na wanyama kwa macho yao. Hakuona haya kufundishwa na mtu asiyejua kusoma.

Kati ya mambo aliyoyapambanua ni habari ya mimea miwili ya jamaa ile ya pakanga. Tangu karne ya 4 tabibu mmoja aitwaye Ge Hong alikuwa ameandika kwamba mmea uitwao qinghao, ukilowekwa katika maji na kukamuliwa, huponya homa ya kutetemeka, ambayo sisi huiita malaria. Lakini qinghao ni upi? Palikuwa na mimea miwili yenye majani membamba yaliyochanika-chanika. Mmoja ulikuwa wa kijani kibichi. Wa pili ulikuwa wa kijani chenye umanjano, nao ulikuwa na harufu mbaya zaidi. Li aliiandika mbalimbali, kila mmoja mahali pake. Ule wa kijani kibichi aliuita qinghao, na chini yake akaandika habari ya homa.

Kazi hiyo ilimchukua miaka 27, naye aliiandika upya mara tatu. Alipoimaliza mwaka 1578 alikuwa na umri wa miaka 60, na kitabu kilikuwa na sehemu 52, chenye habari za dawa 1,892. Lakini kukipiga chapa kulihitaji fedha nyingi, akangoja miaka mingi. Alikufa mwaka 1593, kabla ya kitabu chake kutolewa. Kilitolewa mwaka 1596 katika mji wa Nanjing, nacho kikasomwa mpaka nchi za mbali.

Je, Li hakukosea kamwe? Alikosea. Mwaka 1972 wataalamu wa China, ambao kati yao alikuwamo mwanamke aitwaye Tu Youyou, walipata katika jamaa hii dawa yenye nguvu ya kuua vijidudu vya malaria. Dawa hiyo haimo katika mmea ambao Li aliuita qinghao. Imo katika ule mwingine, wenye umanjano na harufu mbaya. Lakini kwa kuwa alikuwa ameieleza yote miwili waziwazi, waliokuja nyuma waliweza kulinganisha maneno yake na mimea yenyewe, wakaliona kosa.

Siku hizi mmea huo umepandwa hata Kenya, Tanzania na Uganda, na dawa yake hutolewa na kupimwa kwa uangalifu. Pakanga iotayo yenyewe katika milima ya Afrika ya Mashariki ni ndugu yake, lakini siyo mmea ule, wala hauwezi kuchukua mahali pake. Mtu mwenye busara hatosheki na jina. Hutazama jani juu na chini, hunusa, hulinganisha, na asipojua huuliza, kama alivyofanya Li Shizhen maisha yake yote.