Gunpei Yokoi: fundi wa kiwanda cha karata aliyetuletea Game Boy, halafu akachemsha

Leo siasa naiweka pembeni, maana hata kichwa kinahitaji kupumzika. Juzi nilikuwa kafe, vijana wawili jirani yangu wanabishana kuhusu mashine za gemu za zamani. Mmoja akashikilia kwamba kifaa kikidoda sokoni, basi aliyekibuni hakuwa na akili. Nilinyamaza, nikamaliza nusu saa yangu, nikaondoka. Lakini njia nzima ile kauli ilikuwa inanikereketa, kwa sababu kuna mzee mmoja maisha yake yote yanaipinga. Alifariki 1997 na sikuwahi kumwona. Anaitwa Gunpei Yokoi, na kama umewahi kushika pedi ya gemu yenye kile kimsalaba upande wa kushoto, umeshika kitu kilichotoka kichwani mwake.

Yokoi alizaliwa Kyoto, Japani, tarehe 10 Septemba 1941. Akasomea elektroniki Chuo Kikuu cha Doshisha, hukohuko Kyoto. Darasani hakuwa mkali kihivyo. Makampuni makubwa ya vifaa vya umeme yalimtosa, ndipo 1965 akaingia Nintendo, kampuni ya pale pale nyumbani. Msishangae, Nintendo ya wakati ule haikuwa na habari na kompyuta. Ilianzishwa 1889 kutengeneza hanafuda, karata za Kijapani zenye picha za maua, na hadi Yokoi anaajiriwa, karata ndizo zilizokuwa zinaiweka mjini. Kazi aliyopewa ni kuangalia mitambo ya karata isisimame. Fundi wa matengenezo, basi.

Sasa mitambo ikiwa mizima fundi anafanya nini? Yokoi akawa anapoteza muda kwa kuunda vidude vyake. Kimoja kilikuwa mkono wa fito zilizopishana kama mkasi: ukibana huku, kule unarefuka na kudaka kitu. Siku moja bosi mkuu, Hiroshi Yamauchi, akapita kiwandani akamkuta anakichezea. Akaitwa ofisini. Hebu jiweke wewe hapo: mfanyakazi mgeni, umefumwa unacheza saa za kazi, na anayekuita ndiye mwenye kampuni. Jamaa alienda akijua kibarua kimeota nyasi. Kumbe Yamauchi anataka kile kidude kitengenezwe kiuzwe. Kikatoka 1966 kwa jina la Ultra Hand, kikauza zaidi ya milioni moja, na Yokoi akahamishiwa rasmi kwenye kubuni vitu vya kuchezea.

Mwaka 1969 akaja na Love Tester, na hii huwa inanichekesha kila nikiifikiria. Mvulana na msichana wanashikana mkono, na mikono iliyobaki kila mmoja anashika kipande chake cha chuma. Mshale unapanda kuonyesha mapenzi yao yamefika wapi. Ndani hamna uchawi wowote, ni kipimo cha kawaida cha umeme mdogo unaopita mwilini. Mwenyewe hakuficha kwamba alichotaka ni kuwapa vijana kisingizio cha kushikana mikono, maana Japani ya siku zile hilo halikuwa jambo dogo.

Hapo ndipo ilipo njia yake yote. Yokoi alikuwa anaamini katika teknolojia iliyonyauka, ndivyo alivyoiita: ile ambayo imeshazoeleka, imeshuka bei, na mafundi wanajua ubovu wake wote. Unaichukua hiyo unaipeleka mahali ambapo hakuna aliyewaza kuipeleka. Aliyekulia kwetu hapa haimpi shida kuelewa. Tairi la gari likiisha linakuwa makatambuga, kopo la maziwa linakuwa kibatari.

Siku moja akiwa kwenye treni ya mwendo kasi akamwona mtu mzima, mtu wa ofisini, anabonyezabonyeza kalkuleta kwa kukosa cha kufanya safarini. Akawaza: je, kukiwa na gemu dogo la mkononi ambalo mtu mzima anaweza kulicheza bila kuona aibu? Wazo lilifikaje kwa bosi sasa. Yamauchi alikuwa na gari la Kimarekani, Cadillac yenye usukani kushoto, na Japani wanaendesha upande uleule tunaoendesha sisi, kwa hiyo si kila mtu aliliweza. Dereva hakuwepo siku hiyo, Yokoi akaombwa kuendesha. Njiani akatupia lile wazo ilimradi mazungumzo yaende. Bosi hakuonyesha kujali, ila baada ya muda mfupi watu wa Sharp wakaja Nintendo kuongea habari za vioo. Makampuni ya kalkuleta yalikuwa yamechuana bei mpaka vioo vya LCD vikawa rahisi mno. Teknolojia iliyonyauka hiyo!

Game & Watch ikatoka 1980, gemu moja kwa kila kifaa na saa ndani yake. Jumla ziliuzwa milioni 43.4. Na kwenye toleo la Donkey Kong la 1982 ndipo kile kimsalaba kilipozaliwa. Fimbo ya kuongozea ya mashine za kumbi za gemu isingeingia mfukoni, akailaza bapa, kidole gumba kimoja kinapata pande zote nne. Mwaka uliofuata kikaenda kwenye Famicom. Sisi wa uswahilini tulikipata kwa njia ya panya, kupitia zile mashine za kuiga za Kichina zenye kaseti za njano zinazochomekwa kwenye TV. Nimezicheza sana hizo kwenye kibanda jirani na kwetu, na kidole gumba changu cha kushoto kilikuwa na sugu. Kumbe sugu ile ilianzia Kyoto.

Haya, tuje kwenye Game Boy. Ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989 kwa yeni 12,500, Marekani ikafika Julai kwa dola 89.99. Ukweli kioo chake kilikuwa hakivutii: rangi ya kijani kama majimaji ya mchicha, vivuli vinne tu, nukta 160 kwa 144, wala hakina taa, kwa hiyo gizani umekwisha. Mwaka huohuo Atari wakaleta Lynx yenye rangi na taa, dola 179.99. Mwaka 1990 Sega nao wakaja na Game Gear, rangi tupu. Inasimuliwa kwamba wenzake walipoingiwa na hofu kuhusu wapinzani, Yokoi aliuliza jambo moja tu, kama mashine yao ni ya rangi. Alipoambiwa ndiyo, akawatuliza kuwa basi hakuna shida.

Kiburi? Hapana wadau, ni hesabu ya betri. Game Boy ilikula betri nne ndogo, zikakaa saa 15 na kuendelea. Lynx na Game Gear zilikula sita, na saa tatu, nne, tano zimekwisha. Nani kati yetu hajawahi kuanika betri za redio juani, au kuziuma kwa meno, ili zisukume siku moja zaidi? Nilikuwa nadhani huo ni umaskini wetu peke yetu. Kumbe hata mtoto wa Marekani, mzazi wake alikuwa anapiga hesabu zilezile dukani. Ongeza na Tetris, gemu iliyobuniwa Moscow na Alexey Pajitnov mwaka 1984, ambayo Marekani ilikuja ndani ya boksi lenyewe. Pamoja na Game Boy Color iliyofuata, ziliuzwa milioni 118.69. Kuna moja iliungua katika Vita vya Ghuba, ganda likayeyuka, lakini ikaendelea kuwaka, na kwa miaka mingi ilikuwa inaonyeshwa kwenye duka la Nintendo, New York.

Mtu wa namna hiyo anachemshaje?

Alichemsha 1995, na Virtual Boy. Kampuni moja ya Massachusetts, Reflection Technology, ilikuwa na ujanja wa kuonyesha picha kwa mstari mmoja tu wa taa ndogo za LED na kioo kinachotikisika. Kila jicho lilikuwa na taa 224 zilizopangwa wima, kioo kinazungusha mwanga wake mara 50 kwa sekunde, na ubongo wako unaona picha kamili yenye kina, kama unachungulia dirishani. Taa nyekundu zilikuwa rahisi na hazili betri. Za bluu zenye mwanga mkali ndiyo kwanza zilikuwa zimepatikana, na bei yake ilikuwa haishikiki. Kwa hiyo dunia yote ndani ya Virtual Boy ikawa nyekundu juu ya weusi. Wazo la kwanza lilikuwa kifaa cha kuvaa kichwani, likaachwa. Ilipofika dukani ilikuwa kama darubini juu ya vijiguu viwili, unaiweka mezani na kuinamia mpaka shingo inakufa ganzi. Maelekezo yalikataza watoto chini ya miaka saba, na gemu zenyewe zilikuwa na utaratibu wa kujisimamisha ili upumzishe macho. Hofu hiyo si ajabu, kwani Julai 1995 ndipo sheria mpya ya Japani ya kumbana mtengenezaji wa bidhaa yenye madhara ilianza kazi, na Virtual Boy ilitoka tarehe 21 ya mwezi huohuo.

Watu walilalamika macho na vichwa. Matangazo nayo yalikwama, maana utaionyeshaje picha ya kina kwenye TV isiyo na kina? Mfukoni haiingii, kwenye TV haichomekwi, na mwenzako aliyekaa pembeni haoni unachocheza. Marekani iliuzwa kama dola 180. Zikatoka gemu 22 tu dunia nzima, na kufikia mwanzoni mwa 1996 Nintendo wakawa wameiacha baada ya kuuza kama 770,000.

Nikiitazama, mzee hakuvunja kanuni yake, aliifuata. Tofauti naiona hapa: kwenye Game Boy ule ubahili ulirudi kwa mnunuzi, akapata bei poa, betri zinazodumu, na kitu kisichopasuka kikianguka. Kwenye Virtual Boy ubahili uliwekwa mbele ya macho yake, kihalisi kabisa. Halafu kulikuwa na haraka. Nintendo 64 ilikuwa imechelewa na kampuni ilihitaji kitu cha kuuza 1995.

Tarehe 15 Agosti 1996 Yokoi akaondoka Nintendo baada ya miaka 31. Hapa ndipo uzushi unapoanza. Hadithi iliyosambaa ni kwamba alitimuliwa kwa aibu. Yeye mwenyewe, katika makala aliyoandika mwaka huohuo, alikana, akaeleza kuwa alikuwa na nia ya kujitegemea muda mrefu. Mimi namwamini, kwa sababu kabla hajaondoka aliacha Game Boy Pocket, ndogo na nyembamba, iliyouza vizuri. Aibu ya Virtual Boy ilimuuma, hilo sibishi, lakini hakutoka mlango wa nyuma.

Akafungua kampuni yake ndogo Kyoto, Koto, akaanza kubuni mashine mpya ya mkononi kwa ajili ya Bandai. Tarehe 4 Oktoba 1997 alikuwa safarini kwenye barabara kuu ya Hokuriku, mkoa wa Ishikawa. Gari alilopanda likagongana na gari la mbele, ajali ya kawaida tu. Akashuka kutazama uharibifu. Gari jingine likamgonga. Alikuwa na miaka 56.

Mashine yake, WonderSwan, ilitoka tarehe 4 Machi 1999 kwa yeni 4,800. Haikuwa na rangi. Gemu mojawapo iliyotoka nayo iliitwa Gunpey, kwa jina lake. Ilitumia betri moja tu, ile ndogo ya rimoti, na ilikaa zaidi ya saa 30.

Kama kuna mdau yeyote, hapa au ughaibuni, aliyewahi kuiinamia ile Virtual Boy, atuambie hapo chini macho yalimchukua muda gani kurudi.