MacKenzie: Daktari aliyejenga Augusta, akafa anadai hela zake

Shabiki wa soka anaijua hali hii. Mvua ya masika imepiga usiku kucha, mwamuzi anaingia katikati ya uwanja, anaudondosha mpira, haudundi. Umenasa kwenye tope. Mechi inaahirishwa na watu wanaanza kudai viingilio vyao. Nyasi hazina kosa hapo. Tatizo liko chini: udongo wa mfinyanzi, ule unaoshika maji na kugoma kuyaachia.

Kwenye gofu balaa ni kubwa zaidi. Sehemu yenye shimo, ambayo wachezaji wanaiita grini, hukatwa nyasi fupi kama zulia ili mpira uviringike taratibu. Maji yakituama kidogo tu, hakuna mchezo. Na mmoja wa watu walioumiza sana kichwa kutafuta dawa ya kero hiyo alikuwa daktari kweli, wa sindano na visu.

Alister MacKenzie alizaliwa 1870 Normanton, jimbo la Yorkshire, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari Mskoti, na yeye akafuata njia hiyohiyo: akasoma Cambridge, akaanza kutibu watu Leeds. Vita vya Makaburu vikampeleka Afrika Kusini kama daktari wa jeshi. Huko kilichomkaa kichwani ni jinsi Makaburu walivyoficha mahandaki yao hadi Waingereza wakawa wanapigwa risasi bila kujua zinatoka wapi. Aliporudi nyumbani akaiingiza mbinu hiyo kwenye gofu: kilima kilichotengenezwa kwa mikono kionekane kama kimekuwepo tangu dunia iumbwe.

Kama mchezaji hakuwa tishio kwa yeyote. Lakini 1907 alikuwa miongoni mwa walioanzisha klabu ya Alwoodley, Leeds, akachora ramani ya uwanja mwenyewe. Wenzake wakasita, wakamwita Harry Colt, mchoraji mwenye jina, aje akague. Colt akawa upande wa daktari. Kisha ikaja Moortown, jirani tu, ambako alijenga shimo linaloitwa Gibraltar, grini yake imekaa juu ya mwamba. Uwanja huo ndio ulioandaa Ryder Cup ya kwanza kwenye ardhi ya Uingereza, 1929.

Hakupendwa na kila mtu. Grini zake za Sitwell Park zilikuwa na mawimbi makali hadi wanachama wakaja juu. Jamaa hakurudi nyuma. Na ukweli ni kwamba mgongo na bonde, vikipangwa na anayejua, vinayapa maji njia ya kukimbia badala ya kukaa.

Mwaka 1914 alishinda shindano la kuchora shimo lililoandaliwa na jarida la Country Life. Vita Kuu ikamkuta anafundisha wanajeshi kujificha. Ilipoisha akaachana na udaktari moja kwa moja. Mwaka 1920 akatoa kitabu chenye kanuni 13 za uwanja bora. Moja inataka uwanja uwe mzuri kiangazi na majira ya baridi vilevile. Kwa Yorkshire, ambako mvua haina adabu, hiyo maana yake ni moja tu: maji yatoke.

Kazi yenyewe haijabadilika sana tangu enzi zake, hata kwa anayetaka grini ndogo nyuma ya nyumba. Ukichimba shimo kwenye mfinyanzi na kulijaza mchanga, hujajenga grini, umejenga beseni. Maji yatashuka, yatafika chini, yatakosa pa kwenda, na mizizi itaoza. Kwanza sakafu ya mfinyanzi isawazishwe ikiwa na mteremko. Halafu inachimbwa mitaro kama mifupa ya samaki, mmoja mkubwa katikati na midogo ikiingia pembeni. Ndani unalala mtandao wa mabomba yenye matundu (zamani yalikuwa vigae vya udongo wa kuchoma), yakishuka walau sentimita moja kwa kila mita, na mdomo wake utokee mahali palipo chini zaidi. Wengi wanakosea hapo kwenye mdomo. Kipimo kinachofuatwa sana siku hizi ni kokoto sentimita 10 juu ya mabomba, kisha mchanga sentimita 30 ulioshindiliwa, ndipo nyasi.

Mfinyanzi uliompa jina kubwa ulikuwa Marekani. Septemba 1929 nyota Bobby Jones alitolewa raundi ya kwanza kwenye mashindano ya Pebble Beach, California. Siku zikawa zimebaki, akaenda kucheza Cypress Point na Pasatiempo, viwanja viwili vya daktari. Akanogewa. Alipostaafu 1930 na kutaka kujenga uwanja wake kwenye shamba la zamani la miche huko Augusta, Georgia, akamwita MacKenzie.

Udongo wa pale ni mwekundu, mzito, wa mfinyanzi, lakini ardhi ina vilima na chini kuna kijito, Rae's Creek. Mteremko huo ulikuwa mtaji. Daktari akachora, na mhandisi Wendell Miller, mtaalamu wa mifereji na umwagiliaji, akasimamia ujenzi 1932. Mashimo ya mchanga ya kutega wachezaji yalikuwa 22 tu, kidogo sana kwa uwanja wa hadhi ile.

Ila uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka. Klabu haikuwa na wanachama wa kutosha, hela hazikuingia. MacKenzie alikubali malipo yake yakatwe nusu, kutoka dola 10,000 hadi 5,000, na hata hizo hakupewa zote. Aliandika barua kuomba, hali yake ikiwa mbaya. Nauli ya kwenda kukagua kazi yake ikimaliziwa ikawa shida, na uwanja ukiwa umevaa nyasi hakuuona kamwe.

Alifariki Januari 6, 1934, Santa Cruz, California, akiwa na miaka 63, akiishi kwenye nyumba iliyo kando ya shimo la sita la Pasatiempo. Machi 22 mwaka huohuo mashindano ambayo leo yanaitwa Masters yakaanza Augusta kwa mara ya kwanza. Horton Smith akabeba ubingwa. Deni la daktari lilikuwa bado halijamalizwa.