Gor Mahia: Mtawala wa Kanyamwa aliyesifika kwa dawa

JINA la Gor Mahia huimbwa na maelfu ya mashabiki wa soka nchini. Wengi wao huenda hawajui kwamba mwenye jina hilo alikuwa mtawala na mganga, aliyefariki karibu nusu karne kabla ya klabu hiyo kuundwa mwaka wa 1968.

Alikuwa Gor, mwana wa Ogada na mjukuu wa Ogalo. Kutokana na babu huyo, klabu ikapata lakabu ya K'Ogalo. Nyumbani kwake kulikuwa Kanyamwa, katika eneo ambalo leo ni Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Neno Mahia, lenye maana ya miujiza, aliongezewa na watu kutokana na maajabu waliyoamini kuwa aliyatenda.

Sehemu kubwa ya maisha yake ilipita katika karne ya 19, enzi za uvamizi wa mifugo na vita vya mipaka baina ya koo. Katika mazingira hayo, jamii ya Waluo ilimtegemea jabilo, yaani mtaalamu aliyetayarisha dawa za kuwakinga wapiganaji na kubashiri matokeo ya vita. Gor alikuwa jabilo na papo hapo akawa ruoth, mtawala wa watu wake.

Kuunganisha vyeo hivyo viwili kulimpa hadhi ya pekee. Husimuliwa kwamba angeweza kujigeuza mara kikongwe, mara mtoto, na kwamba maadui waliokuja kumtafuta walimpita bila kumtambua. Iwe ni kweli au ni chumvi ya masimulizi, sifa hizo zilikuwa ngao tosha kwa Kanyamwa.

Dawa katika maisha ya Gor haikuwa jambo la kuoneana haya. Katika lugha ya Kijaluo, neno yath humaanisha mti na pia dawa. Watu waliamini kuwa dawa ni nguvu, na kwamba nguvu hiyo huweza kuponya au kudhuru. Aliyeishika aliheshimiwa, na pia aliogopewa.

Uzeeni mwake, mambo yalianza kubadilika. Mwaka wa 1906, wamishonari wa Kiadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay. Mwaka uliofuata, Waingereza walianzisha kituo cha utawala mjini Kisii, ambako eneo la Kavirondo Kusini lilisimamiwa. Gor aliutambua utawala huo mpya, nao ukamweka kuwa chifu wa Kanyamwa. Hivyo mtaalamu wa dawa za jadi akawa pia mtumishi wa serikali ya kikoloni.

Mwaka wa 1920 ndio hutajwa kuwa mwaka wa kifo chake. Miaka mitano baadaye, serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Uchawi ya mwaka wa 1925. Ililenga waliodai kuwa na nguvu za uchawi na waliomiliki vifaa vyake kwa nia ya kudhuru. Hata hivyo, machoni pa wengi, mpaka kati ya mchawi na mganga wa mitishamba haukuwa bayana. Makanisa nayo yaliwakanya waumini wao. Jambo ambalo Gor alilifanya mbele ya kadamnasi likaanza kufanywa nyuma ya nyumba.

Dawa za miti hazikutoweka, ila zilifichwa. Na hapo ndipo maisha ya mzee huyo yanapogusa wakazi wa Ndhiwa wa karne hii.

Utafiti uliofanywa Ndhiwa mwaka wa 2012 ulionyesha kuwa takriban asilimia 24 ya watu wazima waliishi na virusi vya Ukimwi. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, dawa huwa nyingi: za kudhibiti virusi, pengine za kifua kikuu, za malaria na za kupanga uzazi. Aongezapo mizizi aliyochemshiwa nyumbani, ni nani ajuaye zinavyokutana mwilini?

Zipo dawa zinazopunguziana nguvu. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, hulichochea ini kuzivunja dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Ndiyo sababu mgonjwa anayetumia dolutegraviri ya kudhibiti virusi huimeza mara mbili kwa siku badala ya mara moja anapotibiwa kifua kikuu kwa rifampisini. Vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia nazo huweza kuizuia dolutegraviri isifyonzwe vyema tumboni.

Madhara yake si ya kufikirika. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, kuhusu wanawake zaidi ya 24,000 wanaoishi na virusi hivyo magharibi mwa Kenya, ulibaini kuwa waliowekewa vipandikizi vya kupanga uzazi huku wakimeza efavirenzi walipata mimba mara tatu hivi zaidi ya wenye vipandikizi waliotumia nevirapini. Kila dawa ilikuwa halali na ilitolewa na mhudumu wa afya. Kasoro ilikuwa katika kukutana kwake.

Ikiwa dawa za hospitalini, ambazo zimepimwa na kuandikwa, hugongana hivyo, mitishamba ambayo haijapimwa huwa fumbo kubwa zaidi. Daktari hawezi kukagua asichoambiwa. Mgonjwa naye, akiogopa kukemewa, hunyamaza.

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 ilijaribu kuuondoa ukimya huo. Iliitambua tiba ya kiasili na kuzitaka kaunti ziweke utaratibu wa waganga kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Lakini sheria pekee haiwezi kumfungua mtu kinywa. Mhudumu anapaswa kuuliza bila kudhihaki, na mgonjwa kutaja kila anachomeza, iwe kidonge au mzizi, kabla ya kuongezewa kingine na bila kuacha dawa yoyote kiholela.

Kanyamwa ya Gor ilijua kuwa dawa si kitu cha kuchezea, na ilimjua aliyeishika. Wajukuu wa Kanyamwa wana dawa nyingi kuliko alizozijua mzee huyo, na mara nyingi hakuna mtu mmoja anayezijua zote isipokuwa mgonjwa mwenyewe.