Askofu Tucker na Kanisa la Matofali

Mara nyingi wazee wa sharika za upande wa Bariadi hutuuliza kama yafaa watu wenye fedha chache waanze kanisa la matofali, ama wangoje msaada wa mbali. Tumeona vema kuwasimulia habari za mtu aliyekutana na swali hilo zamani, na ambaye kazi yake ilifika hata nchi yetu hii.

Alfred Robert Tucker alizaliwa Uingereza mwaka 1849 katika jamaa ya wachoraji, na yeye mwenyewe alikuwa mchoraji kabla ya kuingia kazi ya uchungaji mwaka 1882. Mwezi wa Aprili 1890 aliwekwa kuwa Askofu, na tarehe 27 Desemba mwaka ule ule akafika Mengo, Uganda. Alipita kusini ya Ziwa, akakaa Usambiro, ambako Alexander Mackay alikuwa amefariki mwezi wa Februari. Na hapo hapo Askofu akawazika wenzake wawili wa safari. Baadaye misheni iliondoka Usambiro ikaweka kituo Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Busega katika Mkoa wa Simiyu. Wakristo wa Nassa walikuwa chini ya uangalizi wake hata mwaka 1909, kituo kilipokabidhiwa kwa African Inland Mission.

Neno moja alilishika kwa nguvu: kwamba Kanisa la wenyeji lijenge nyumba zake na kuwatunza walimu wake kwa mali yake lenyewe, si kwa fedha za Ulaya. Wako waliomwona mgumu. Sisi nasi tulipokuwa chuoni tulidhani ni ubahili tu.

Sharti hilo ndilo lililoamua umbo la nyumba. Siku zile kila bati na kila msumari ulitoka pwani kichwani mwa mpagazi, mzigo wa ratili 60 au 70, mwendo wa miezi. Kwa hiyo kanisa lililofunguliwa juu ya kilima cha Namirembe Julai 1892 lilikuwa la miti, matete na majani. Paa lilikuwa zito mno, nayo ikabidi kusimamisha mamia ya nguzo ndani, hata nyumba ikawa kama msitu. Mwaka 1894 dhoruba ikaiangusha. Wakajenga nyingine namna ile ile mwaka 1895, na hiyo mchwa wakaila. Nyumba iliyoonekana rahisi siku ya kufunguliwa ilikuwa ikidai miti mipya kila baada ya miaka michache, na miti yenyewe ilizidi kuwa mbali.

Ndipo Bwana Borup wa misheni alipowafundisha vijana kufyatua matofali na kuyachoma. Udongo hauna nauli; gharama yake ni kuni na mikono ya watu. Na mikono ilipatikana: hata Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alibeba udongo pamoja na watu wake. Kuta zilisimama imara. Lakini paa liliezekwa majani. Kanisa likawekwa wakfu Juni 1904, na tarehe 23 Septemba 1910 radi ikapiga, likateketea.

Hapa twataka kukaa kidogo. Kosa halikuwa katika tofali. Hesabu yao iliishia ukutani. Nasi tumeona kwa macho yetu kuta zilizofika kwenye linta, kisha fedha zikakwisha, mvua mbili zikanyesha, na matofali mabichi yakarudi kuwa tope. Kwetu tena udongo mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, basi msingi hula fedha nyingi kabla ukuta haujaonekana. Na kuni za tanuru ni haba Usukuma. Afadhali mzee apime kwanza mbao za kenchi zitakazopatikana na mabati atakayoweza kununua, na upana wa kanisa ufuate hapo. Nyumba nyembamba yenye paa huhubiriwa ndani yake. Nyumba pana isiyo na paa hulishiwa mbuzi.

Askofu Tucker alijiuzulu mwaka 1911 kwa ajili ya afya yake, akawa kanoni wa Durham, akafariki London Juni 1914. Hakuiona nyumba iliyofuata. Mwaka 1915 ilianzishwa tena Namirembe, na mwaka 1919 ikawekwa wakfu, nayo ipo hata leo: kuta za matofali, na juu ya paa, mahali palipokuwa na majani, vigae vya udongo wa kuchoma.