Margaret Trowell: Mwalimu aliyeanzisha darasa la sanaa barazani pa nyumba yake

MWAKA wa 1937, kwenye baraza ya nyumba ya daktari mmoja Mwingereza huko Mulago, Kampala, wanafunzi wachache walianza kukusanyika kufundishwa uchoraji. Mwalimu wao hakuwa ameajiriwa na yeyote kuwafunza. Alikuwa mke wa daktari huyo, naye alikuwa amechoka kusikia kwamba watu wa Afrika Mashariki hawana sanaa.

Jina lake lilikuwa Margaret Trowell. Darasa lile la barazani ndilo lililozaa shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambayo ilikuja kupewa jina lake. Mwalimu yeyote wa Kenya anayetatizika leo kuhusu namna ya kulipatia somo la sanaa nafasi katika ratiba ya wiki, yamkini anatembea katika njia ambayo mama huyu aliifyeka.

Alizaliwa mwaka wa 1904 nchini Uingereza na kusomea sanaa katika chuo cha Slade, London. Baadaye alifunzwa ualimu chini ya Marion Richardson, mwalimu aliyekuwa na mtindo wa kipekee. Richardson hakuwawekea watoto chungu au tunda mezani ili walinakili. Aliwasimulia jambo huku wamefumba macho, kisha akawaacha wachore kile walichokiona akilini. Mbinu hiyo ndiyo Bi Trowell aliyoibeba hadi Afrika.

Mnamo 1929 aliandamana na mumewe, Dkt Hugh Trowell, hadi Kenya na wakaishi Machakos miongoni mwa Wakamba. Hapo ndipo macho yake yalipofunguka. Wakoloni wengi waliamini kuwa sanaa ya Afrika ilikuwa Kongo na Afrika Magharibi, kulikokuwa na vinyago vya kujaza makavazi ya Ulaya, ilhali upande huu hapakuwa na lolote. Bi Trowell alitazama vigoda vya Wakamba vilivyopambwa kwa nyaya, shanga na vyungu vya akina mama, akatambua kwamba kosa lilikuwa la watazamaji. Watu hawa walikuwa na sanaa, ila walikuwa wakiitumia. Waliikalia, waliipikia na kuivaa.

Familia hiyo ilihamia Uganda mwaka wa 1935. Miaka miwili baadaye alichapisha kitabu kuhusu sanaa na ufundi wa Kiafrika na jinsi ya kuvikuza shuleni, na mwaka uo huo akaanzisha darasa la barazani. Mnamo 1938 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa Namirembe, na 1939 zikavuka bahari hadi London. Si kasi haba kwa darasa lililokuwa na umri wa miaka miwili.

Hapo ndipo pana kiini cha maisha yake. Shule za wakati huo, nyingi zikiwa za misheni, zilifunza useremala na ufumaji kama njia ya kumpatia kijana riziki, huku uchoraji ukionekana kuwa mchezo. Yeye alikataa mgawanyiko huo. Alishikilia kuwa mtoto anayefinyanga chungu na yule anayechora hadithi aliyosimuliwa na nyanyake wanafanya kazi moja ya akili, na kwamba shule inayomfunza mtoto kusoma na kuhesabu huku ikimsahaulisha yale mikono ya mamake iliyajua, imempokonya kitu. Aliandika vitabu vya kuwaelekeza walimu, na katika miaka ya 1940 akasimamia Makavazi ya Uganda. Mwaka wa 1953 alichapisha, pamoja na mtaalamu wa muziki Klaus Wachsmann, kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda, kuanzia vikapu hadi ala za muziki.

Lakini tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Bi Trowell alikuwa mtu wa zama zake. Alihofia kwamba mwanafunzi Mwafrika akionyeshwa michoro ya Ulaya ataiga na kupotea, kwa hivyo alipendelea kuiweka mbali naye. Nia ilikuwa njema, ila ni nani aliyempa mgeni mamlaka ya kuamua kipi ni cha Kiafrika na kipi si cha Kiafrika? Kijana aliyesoma Shakespeare na hesabu za Wagiriki katika chuo kicho hicho, kwa nini afichwe rangi za Wafaransa? Alipoondoka mwaka wa 1958, mrithi wake, Cecil Todd, aliugeuza mwelekeo huo na kuwafunza wanafunzi historia ya sanaa ya ulimwengu mzima. Mjadala kati ya njia hizo mbili haujaisha. Kwa maoni yangu, Todd alikuwa na haki katika hoja hiyo, ingawa hangekuwa na shule ya kurekebisha kama mama huyu hangeianzisha.

Wanafunzi wake, kwa vyovyote, hawakubaki walipowekwa. Gregory Maloba, kijana kutoka magharibi mwa Kenya, aliingia Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1940, akawa mwalimu papo hapo na kisha akafunza katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mnara wa Uhuru uliosimamishwa Kampala mwaka wa 1962, ule wa mama anayemwinua mtoto, ni kazi ya mikono yake. Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, alichora maisha ya vijijini kwao na hatimaye akawa Balozi wa Tanganyika jijini London. Naye Elimo Njau alichora mwaka wa 1959, katika kanisa kuu la Mtakatifu James mjini Murang'a, maisha ya Yesu yakiwa katika mandhari na sura za watu wa milima ya Kenya.

Bi Trowell alifariki mwaka wa 1985. Ni mwaka uo huo ambapo Kenya ilianzisha mfumo wa 8-4-4, uliotia sanaa, ufundi na muziki katika ratiba ya shule za msingi. Nilikuwa mmoja wa waliopitia mfumo huo. Nakumbuka tukiamriwa kuleta vikapu na miiko tuliyojitengenezea, na nakumbuka pia jinsi soko la kijijini lilivyochangamka jioni ya kuamkia siku ya ukaguzi. Mwalimu alikuwa akijua. Wazazi walilalamikia gharama, shule hazikuwa na karakana, na baadaye masomo hayo yakaondolewa katika mtihani wa KCPE. Yalipoacha kutahiniwa, yaliacha kufunzwa. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019 umeyarejesha, na malalamishi ya wazazi kuhusu gharama ya vifaa yamerejea nayo.

Kati ya waliopita mikononi mwa Bi Trowell alikuwemo msichana kutoka Meru, Rosemary Karuga, aliyesoma Makerere kati ya 1950 na 1952. Hakupata umaarufu alipohitimu. Alirudi Kenya akawa mwalimu wa shule na kulea familia kwa miaka mingi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa amestaafu na hana pesa za kununua rangi, alipoanza kukata karatasi za kufungia bidhaa za dukani na kuzibandika vipande kwa vipande hadi zikawa picha za wanyama na watu wa kijijini. Kazi hizo zilionyeshwa ng'ambo, na Karuga akaendelea kuheshimiwa kama mmoja wa wasanii wakuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka wa 2021.