Henry Ford na Injini Zake

Ukivuka daraja la Mto Tana ukaingia Garissa, huwakosi mafundi chini ya miti wakifungua lori lililorudi Wajir au Mandera. Lori hilo huenda limekwisha badilishwa injini mara tatu, na mwenyewe angali akiliita lile lile. Kitabu cha gari hapa Kenya huandikwa namba mbili, ya fremu na ya injini. Moja ikiondoka, nyingine hubaki shahidi. Lakini lipo gari la kale ambalo injini ikitoka, nasaba imetoka nayo. Nalo ni Ford ya namna ya T.

Mwenye kulitunga, Bwana Henry Ford, alizaliwa tarehe 30 Julai 1863, mwana wa mkulima wa Michigan, Marekani. Shamba halikumvuta, yeye na saa za mfukoni na mashine za mvuke. Usiku wa 24 Desemba 1893, akiwa mhandisi wa kampuni ya umeme ya Edison mjini Detroit, alifunga injini yake ya kwanza juu ya sinki la jikoni. Silinda ilikuwa kipande cha bomba la gesi. Mkewe, Clara, ambaye mtoto wake hakutimiza hata miezi miwili, alisimama akiitilia petroli kwa mkono, chakula cha sikukuu kikimngoja. Ikanguruma kidogo, ikatosha.

Mwaka 1896 akamaliza gari la magurudumu manne ya baiskeli. Kumbe mlango wa banda ni mwembamba! Akashika shoka, akabomoa ukuta. Gari hilo aliliuza dola 200, na baadaye akalinunua tena kwa dola 65.

Majaribio mawili ya biashara yalimwendea kombo kabla ya kampuni yake ya 1903 kusimama. Namna ya T ilitoka 1908, silinda nne, nguvu za farasi 20, bei dola 850. Ulipofika 1925 bei ilikuwa chini ya dola 300, na hadi 1927 yalikwisha undwa zaidi ya milioni 15.

Sasa tuje kwenye injini. Namba ya gari hilo ilipigwa kwenye bloku, upande wa kushoto, juu ya mahali maji yaingiapo. Fremu haikuwa na namba ila kwa magari ya miaka ya mwisho. Basi aliyerithi Ford ya babu yake, akitaka kujua kama injini ni ya asili, aghalabu hutafuta tarehe iliyosubiwa katika chuma chenyewe. Tarehe hiyo itangulie namba kwa muda mchache. Ikija nyuma yake, pana mkono wa mtu. Magari kama 2,500 ya mwanzo yalikuwa na pampu ya maji; yaliyofuata maji yalizunguka yenyewe kwa moto wake. Namba ikianza na herufi C, injini ni ya Kanada, na huko ndiko makoloni ya Waingereza yalikoletewa Ford, Kenya ikiwamo. Lakini tarehe na namba zikipatana, bado si yakini: bloku ya mwaka ule ule yaweza kutoka gari jingine. Hapo karatasi za kale za mwenyewe ndizo zenye neno.

Petroli yake nayo ilishuka yenyewe, bila pampu. Mlima ukiwa mkali na tangi limepungua, dereva alipanda kinyumenyume. Nyanda za Garissa hazina shida hiyo. Huko rejeta ndiyo ingemtia mtu mashakani.

Ford hakuwa malaika. Katika miaka ya 1920 gazeti lake lilieneza chuki juu ya Mayahudi, na radhi aliyoiomba 1927 haikufuta yaliyokwisha sambaa.

Alifariki usiku wa 7 Aprili 1947. Mafuriko yalikuwa yamekata umeme nyumbani mwake, wakawasha mishumaa. Ile injini ya sinki ingalipo katika jumba la makumbusho alilolianzisha huko Dearborn.