Lieven Gevaert na Karatasi za Sanamu

Katika inchi ya Ubelgiji, kando ya mto Schelde, upo mji mkubwa uitwao Antwerpen. Katika bandari yake zamani meli nyingi zilipakia watu na mizigo kwa safari ya Kongo. Katika mji huo alizaliwa Lieven Gevaert, tarehe 28 Mei 1868.

Baba yake alikufa Lieven angali mtoto mdogo. Mama akabaki mjane, lakini hakukaa akilia tu. Alikuwa na kazi ya kutengeneza fremu za sanamu, akaishika kwa nguvu. Lieven alipokuwa kijana akaacha masomo, akaingia kazini pamoja na mama yake. Na mwenye kutengeneza fremu hayuko mbali na kazi ya wapiga sanamu.

Siku zile sanamu ilipigwa juu ya kioo. Katika kioo kile mambo yote huonekana kinyume: uso mweupe huwa mweusi, na kanzu nyeusi ya padri huwa nyeupe. Ili kupata sanamu ya kweli, fundi hulaza kioo juu ya karatasi ya namna ya pekee, kisha huviweka juani. Karatasi ile imepakwa chumvi ya feza, nayo chumvi hiyo ina tabia ya ajabu: ikipigwa na mwanga, huwa nyeusi. Penye weusi wa kioo mwanga haupiti, na karatasi hubaki nyeupe. Penye weupe mwanga hupita, na karatasi huwa nyeusi. Hivyo kila kitu hurudi mahali pake. Baadaye karatasi huoshwa kwa dawa, isizidi kuwa nyeusi mpaka sanamu ikapotea.

Karatasi nyingi za namna hiyo zilitoka katika inchi nyingine, hasa Ujerumani. Lieven akawaza: kwa nini zisitengenezwe hapa petu? Mwaka wa 1890, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akafungua karakana yake mwenyewe huko Antwerpen, akaanza kutengeneza karatasi ya sanamu iliyoitwa karatasi ya kalsiamu. Miaka minne ikapita. Mwaka wa 1894 akaunda kampuni pamoja na wenzake. Feza yao ya kuanzia ilikuwa faranga 20.000. Si feza nyingi kwa watu wanaotaka kushindana na viwanda vikubwa vya inchi jirani.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, wala ugumu wake hauonekani kwa macho. Chumvi ya feza huchanganywa na gelatini, ndiyo gundi safi ipatikanayo kwa kuchemsha mifupa na ngozi za nyama. Mchanganyiko ule, mzito kama uji mwepesi, hupakwa juu ya karatasi, sawasawa kila mahali. Mwanga ukiingia katika chumba, karatasi zote zimeharibika. Vumbi kidogo likianguka, au chembe ya chuma, litaacha doa. Tena doa hilo halionekani siku ile. Mfanyakazi akikosa leo asubuhi, kosa lake litaonekana baada ya miezi, katika nyumba ya mpiga sanamu wa mji wa mbali, labda juu ya uso wa bibi arusi. Mpiga sanamu yule hatanunua tena. Basi kiwanda cha namna hiyo husimama au huanguka kwa uangalifu wa watu ambao bwana wao hawezi kuwachungulia kila saa.

Kampuni ikakua, karakana ya mjini ikawa ndogo. Mwaka wa 1904 jengo la kwanza la kiwanda kipya likasimama Mortsel, nje kidogo ya Antwerpen. Upo mtaa huko uitwao Oude-God, maana yake Mungu Mzee. Jina la kushangaza katika inchi ya wakristu! Majengo yakaongezwa mwaka kwa mwaka, na watu wengi wa pande zile wakapata kazi yao humo.

Hapo lazima kueleza jambo moja la Ubelgiji. Watu wa Antwerpen na Mortsel ni Waflama, nao husema lugha moja na Waholanzi. Lakini siku zile mabwana wa viwanda na watu wenye elimu kubwa walisema Kifaransa. Mtoto wa Kiflama asiyejua Kifaransa vizuri aliweza kuwa mpagazi au mfagiaji. Kuwa injinia ilikuwa shida kubwa. Gevaert, aliyekuwa mkatoliki na Mflama, hakukubali jambo hilo. Katika kiwanda chake lugha ya kazi ilikuwa lugha ya watu wenyewe, toka wafanyakazi wa chini mpaka wakubwa. Wenye viwanda wengi hawakufanya hivyo. Tena alisaidia shule ambamo watoto wa Kiflama walifundishwa kwa lugha yao, maana aliona kwamba bila shule hizo hawatapatikana mainjinia.

Mwaka wa 1920 kampuni ikapata jina la Gevaert Photo-Producten, yaani Gevaert, vitu vya kupigia sanamu. Baadaye kiwanda kilitengeneza pia filamu za sinema, na zile ambazo daktari hutazamia mifupa ya mgonjwa. Mwaka wa 1926 wenye viwanda na biashara wa Kiflama wakaunda chama chao, na Gevaert akawa mkubwa wake wa kwanza. Mwaka wa 1930 chuo kikuu cha Gent kikaanza kufundisha kwa lugha ya Waflama tu, na Gevaert alikuwa bado hai kuona siku hiyo.

Alikufa katika mji wa Den Haag, Uholanzi, tarehe 2 Februari 1935, siku ya sikukuu ya Mishumaa. Kiwanda kiliendelea na kazi. Mwaka wa 1964 kampuni yake ikaungana na Agfa, kampuni kubwa ya Ujerumani, inchi ile ambako karatasi nyingi zilitoka wakati wa ujana wake. Tangu siku ile majina mawili yakaandikwa pamoja: Agfa-Gevaert.